Maoni: Nyoka wadogo thelathini si uchawi, ni mama amezaa

Familia inayorudi kijijini baada ya miaka miwili ao mitatu ya ukimbizi haikuti nyumba, inakuta kichaka. Majani yamepanda hadi kwenye madirisha, mchwa wamejenga kichuguu ndani ya chumba, na mabati, kama bado yapo, yamelala chini. Baba anashika panga, mama anashika jembe, watoto wanaokota takataka. Halafu chini ya lundo la majani makavu wanatokea nyoka wadogo. Si mmoja wala wawili. Ni kumi, ishirini, thelathini, kila mmoja na urefu wa kalamu, wanakimbia kila upande.

Kelele inapigwa, majirani wanakuja na fimbo. Nyoka wakiisha kuuawa, wengi hawaulizi ni nyoka wa aina gani. Wanauliza: "Nani amewatuma?" Na jibu halikawii. Pembeni ya kijiji kuna nyanya mmoja anayekaa peke yake, mjane, hana mtoto wa kumtetea. Jina lake linaanza kutajwa kwa sauti ya chini, na kabla ya jua kushuka linatajwa kwa sauti ya juu.

Jibu hilo si la kweli, na linaweza kuua. Katika Kivu ya Kusini wanawake wazee wamekwisha kuuawa kwa sababu tu mtu fulani, mara nyingi mwenye kujiita nabii, aliwataja kuwa wachawi. Na hatari imeongezeka. Tangu kambi kubwa zilizozunguka mji wa Goma, kama Bulengo na Lushagala, zilipovunjwa Februari 2025, familia nyingi za wahami zimeshika njia kurudi Masisi, Rutshuru na kwingineko, kwenye mashamba yaliyolala muda mrefu bila jembe. Wanarudi mahali ambapo nyoka wamepata wakati wa kuzaa bila kusumbuliwa. Kama familia hizi hazijui namna nyoka jike anavyobeba mimba, anavyotaga na anavyozaa, zitapoteza watu kwa njia mbili: kwa sumu, na kwa mashitaka ya uongo.

Daftari la mfugaji wa nyoka

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga nyoka ndani ya nyumba, kama wengine wanavyofuga paka. Jambo hilo litachekesha wengi hapa Kivu, lakini lina mafundisho. Mmoja wa nyoka wanaofugwa zaidi ni chatu mdogo wa Afrika, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Makao yake ya asili yanatoka Senegal hadi Uganda, na kwa miaka mingi amesafirishwa kwa wingi kutoka Togo, Benin na Ghana. Huko watu hukamata majike wenye mimba porini, hungoja watage, kisha huuza watoto wao nchi za nje.

Mfugaji mwenye bidii ana daftari. Anaandika uzito wa jike, siku aliyokula, siku aliyokataa chakula, siku aliyojivua ngozi. Kutokana na madaftari kama hayo, na kazi ya wataalamu, uzazi wa nyoka jike unajulikana leo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni akiba. Nyoka jike asiyeshiba hazai. Ni lazima kwanza aweke mafuta mwilini, na wafugaji wengi wa chatu huyu hungoja jike afikishe karibu gramu 1,500 ndipo wamkutanishe na dume. Akikosa akiba, anaruka mwaka mmoja ao zaidi. Ndiyo maana nyoka jike si lazima azae kila mwaka.

Hatua ya pili ni harufu. Jike aliye tayari huacha harufu mahali anapopita, na dume huifuata kwa kuonja udongo na hewa kwa ulimi. Baada ya kupandana, jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume ndani ya mwili kwa miezi mingi, akingoja wakati unaofaa.

Hatua ya tatu ni mayai kukua tumboni. Jike huvimba sehemu ya nyuma ya mwili, hupenda kulala penye joto, hatembei sana, na mara nyingi hukataa kula. Mtu asiyejua atasema nyoka ni mgonjwa, ao amemeza kuku. Hatua ya nne, chatu huyu hujivua ngozi, na karibu mwezi mmoja baadaye hutaga mayai, kwa kawaida kati ya 3 na 11. Kisha huyazungushia mwili wake na kukaa juu yake karibu miezi miwili hadi yaanguliwe.

Kuna hata mambo ambayo yangeitwa uchawi kama yangetokea kijijini. Mwaka wa 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis huko Marekani, chatu jike wa aina hii, aliyekadiriwa kupita miaka 60, alitaga mayai 7. Alikuwa hajakaribiana na dume kwa zaidi ya miaka 15. Hakuna aliyemshitaki mtu. Wataalamu walieleza kwamba nyoka jike anaweza kutunza mbegu za dume muda mrefu, na kwamba majike wa aina fulani wanaweza kuzaa hata bila dume.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa. Nyoka ni wa Afrika, lakini daftari liko mbali. Kijana wa mji wa Ulaya anayefuga chatu ndani ya sanduku la kioo anajua jike anatafuta mahali pa namna gani pa kutaga. Mama anayelala chini ya bashe, mita chache kutoka msituni, hajaambiwa na mtu. Ujuzi huo ungemfaa yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Wengine wanataga, wengine wanazaa

Nyoka wa Kongo hawazai kwa namna moja. Chatu na swila hutaga mayai. Kifutu, ambaye wengine humuita bafe ao piri, hatagi. Watoto wake hukua ndani ya tumbo kwa miezi kadhaa, kisha huzaliwa wakiwa hai, kila mmoja ndani ya ngozi nyembamba sana ambayo huipasua mara moja.

Idadi ya watoto hao ndiyo inayotia watu hofu. Kifutu mmoja kwa kawaida huzaa watoto 20 hadi 40 kwa mara moja. Kuna jike mmoja kutoka Kenya aliyefugwa katika bustani ya wanyama huko Jamhuri ya Cheki, aliyezaa watoto 156 mara moja, na anatajwa kuwa amepita nyoka wote wanaojulikana. Ndugu yake wa msituni, yule mnene mwenye rangi nzuri zinazofanana na majani makavu, naye huzaa watoto hai, wakati mwingine zaidi ya 40, lakini hupumzika miaka 2 ao 3 kabla ya kuzaa tena. Kifutu wa kawaida anapenda nyanda zenye nyasi kama zile za Rutshuru na Ruzizi. Ndugu yake anakaa kwenye msitu mkubwa.

Swila hutaga mayai kumi ao zaidi ndani ya shimo la panya, kichuguu, gogo lililooza ao lundo la majani, kisha yanaanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Mayai ya nyoka hayana ganda gumu kama ya kuku. Ni meupe, laini kama ngozi, na mara nyingine yameshikamana. Nyoka wengi hutaga na kwenda zao. Chatu haendi. Mtaalamu Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, aliwafuata kwa miaka chatu wa kusini mwa Afrika, aina inayofika hadi kusini mwa Kongo. Katika kazi aliyochapisha 2018 alionyesha kwamba mama hukaa na mayai bila kula, hutoka kuota jua ili arudi na joto mwilini, na hata baada ya mayai kuanguliwa hukaa na watoto karibu wiki mbili. Katika kazi hiyo hupoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake. Kwa hiyo mtu anayekuta mayai mengi makubwa kwenye shimo asifikiri mwenyewe yuko mbali.

Maneno matatu yanayodanganya

Neno la kwanza ni lile la nyoka thelathini. Watu wanasema nyoka wengi hawawezi kutokea mahali pamoja bila kutumwa. Wanaweza. Jike mmoja aliyezaa usiku chini ya majani anatosha kujaza uwanja mzima asubuhi. Siku chache baadaye watoto hao watakuwa wametawanyika, kila mmoja na njia yake, na hakuna atakayewaona tena pamoja. Aliyewakuta aliwakuta tu katika siku zile chache.

Neno la pili ni la kisasi. Inasemwa kwamba ukiua nyoka, mwenzake atakuja kulipiza, na watu wengi wanaapa kwamba wameona nyoka wa pili akija mahali palepale kesho yake. Inawezekana wamesema kweli juu ya walichokiona. Lakini nyoka hawaishi bwana na bibi, wala hawaweki kinyongo. Kama aliyeuawa alikuwa jike katika majira ya kupandana, harufu yake imebaki ardhini na dume anaifuata. Hakuja kutafuta mtu. Alikuja kutafuta jike. Fundisho lake ni kwamba baada ya nyoka kuonekana mlangoni, watoto wasichezee mahali hapo kwa siku kadhaa, na usiku watu watumie tochi.

Neno la tatu ni hatari kuliko yote: kwamba nyoka mdogo hana sumu. Mtoto wa kifutu ana meno na sumu tangu siku anayozaliwa. Mtoto wa swila vilevile. Watoto wa shule wanaowachezea kwa kijiti wanacheza na kifo.

Mahali jike anapopatafuta

Karibu na ikweta hakuna mwezi mmoja wa kusema kwamba sasa nyoka wote wanazaa, kama inavyokuwa katika nchi zenye baridi. Lakini kuna mahali, na mahali hapo panajulikana. Jike mwenye mimba anataka vitu vitatu: joto, unyevu kidogo, na maficho. Lundo la takataka linalooza lina vyote vitatu. Vilevile mabua ya mahindi yaliyorundikwa nyuma ya nyumba, kuni zilizokaa muda mrefu chini, kichuguu cha zamani, mianya ya mawe ya volkano kule Nyiragongo, na nyumba iliyoachwa.

Kwa sababu hiyo, familia inayorudi isianze kwa kuingiza watoto. Wakubwa watangulie, wamevaa buti ao viatu vilivyofunika mguu, na wasukume majani kwa mti mrefu kabla ya kuyashika kwa mkono. Wafyeke kuanzia mlangoni kwenda nje, ili nyoka apate njia ya kukimbilia msituni, asikimbilie ndani. Takataka zitupwe mbali na nyumba, na zisiachwe miezi. Kuni ziinuliwe juu ya mawe ao miti. Mashimo ya panya yazibwe, na mahindi na maharagi yafungwe vizuri, kwa maana panya ndiye anayemuita nyoka.

Katika kambi na katika familia za wenyeji zinazopokea wahami, jambo kubwa ni kitanda. Mtu anayelala chini kabisa ndiye anayeumwa akiwa usingizini. Hata kitanda cha miti kilichoinuliwa kidogo kinasaidia, na chandarua kilichoingizwa vizuri chini ya godoro ao mkeka kinazuia mbu na nyoka pamoja.

Mayai yakikutwa, yasishikwe. Mtu arudi nyuma polepole, aite wakubwa, na watoto waondolewe. Nyoka akionekana nje na njia ya kutorokea iko wazi, aachwe aende. Watu wengi huumwa wakati wanapojaribu kumuua.

Dawa haitoshi, na maarifa yasikosekane pia

Wengine watasema: maneno haya ni ya watu wa mbali, hapa nyoka ni adui, na adui anauawa. Wana sababu. Mzazi aliyemkuta swila karibu na mtoto hawezi kulaumiwa kwa kutetea nyumba yake. Lakini fimbo inafika baada ya nyoka kuzaa. Kuondoa lundo la takataka kunafika kabla. Na fimbo haijawahi kumtetea nyanya aliyeshitakiwa uongo.

Mbele ya sumu, wakaaji wa vijijini wana silaha chache. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka wa 2017, na linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Seromu iliyotegemewa sana katika Afrika, Fav-Afrique, iliachwa kutengenezwa na kampuni ya Sanofi ya Ufaransa mwaka wa 2014, na akiba ya mwisho ilipitwa na wakati Juni 2016. Kuna seromu nyingine, lakini ni za bei kali, na barabara zikifungwa kwa vita hazifiki kwenye vituo vya afya vya mbali. Viongozi wa afya wa majimbo na mashirika ya misaada, wanapohesabu dawa za malaria na za kipindupindu, wahesabu na seromu. Familia ambazo zimeambiwa zirudi kwenye vichaka hazipaswi kurudi mikono mitupu.

Mtu akiumwa, mambo ya kufanya ni machache. Atulizwe, alazwe, asitembee. Pete, bangili na nguo za kubana zitolewe upesi kabla ya uvimbe. Mguu ao mkono ufungwe pamoja na kijiti ili usitikisike, lakini usikazwe kamba ya kuzuia damu. Asichanjwe, asinyonywe sumu, asipewe pombe. Jiwe jeusi, linalouzwa na kusifiwa kote Kongo, halitoi sumu. Linapoteza saa ambazo mgonjwa angekuwa njiani. Sumu ya swila ikirushwa machoni, macho yaoshwe kwa maji mengi sana. Kisha machela, pikipiki, gari, chochote kilichopo, hadi hospitali. Hakuna haja ya kumfuata nyoka ili apelekwe kwa mganga, kwa maana hapo mtu wa pili ataumwa.

Kazi iliyobaki si ya madaktari peke yao. Shefu wa kijiji anaweza kupanga siku moja ya kufyeka pamoja kabla ya mvua ya Septemba. Mwalimu anaweza kueleza darasani kwa nini kifutu anazaa na swila anataga. Pastori na padri wana neno zito zaidi. Wanasikilizwa siku ileile ambapo kijiji kimekasirika, na sentensi yao moja, kwamba nyoka hawa wana mama na mama huyo si mtu, inaweza kumwokoa mjane. Redio za jamii, ambazo wahami wanazisikiliza hata pale ambapo hawana kitu kingine, zinaweza kurudia maneno hayo kwa Kiswahili, Kihunde, Kinande, Kinyarwanda na Kishi, hadi yajulikane kama yale ya kunawa mikono.

Siku nyoka wengi wadogo watakapotokea tena chini ya majani, na watatokea, wakaaji watoe watoto kwanza, warudi nyuma, watafute lundo ambamo jike alizaa na waliondoe kwa uangalifu. Nyanya wa pembeni ya kijiji aachwe kwa amani. Yeye pia amerudi kutoka ukimbizini, na kichaka kimefika hadi mlangoni kwake. Anahitaji kijana mwenye panga wa kumsaidia kufyeka.